Mkaguzi mmoja hatoshi

Kampuni nyingi ndogo zinazoishi kwa kandarasi za migodi kati ya Likasi na Kolwezi, nchini Kongo, zina mtu mmoja tu wa ubora. Ndiye anayetunza makabrasha, ndiye anayekimbizana na saini wageni wanapokaribia, ndiye anayewapokea wakaguzi wa mteja, na mara moja kwa mwaka ndiye anayeukagua mfumo alioutunga mwenyewe. Akiugua, kazi ya ubora inasimama. Akipata ajira mgodini yenye mshahara mnono zaidi, kampuni inabaki na kabati la karatasi ambalo hakuna anayejua limepangwaje. Kwa wenye kampuni hizo, za malori, za gereji, za kukodisha mitambo, za kupikia kambi, za usafi na za ujenzi, nina ushauri mmoja nitakaoutetea katika makala haya: msitegemee mkaguzi mmoja, fundisheni watu kadhaa. Wawe wanne, watano au sita, kulingana na ukubwa wa kampuni. Watoke kwenye kazi zenyewe, wala si ofisini peke yake. Wabaki katika ajira yao ya kila siku, na kwa siku chache za mwaka wavuke kwenda kukagua idara za wenzao.

Jambo hili lina haraka yake. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliihifadhi kazi ya ukandarasi mdogo katika sekta binafsi kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongo, na mamlaka ya kuisimamia, ARSP, ikaundwa. Kwa mjasiriamali wa Tenke au Fungurume hiyo ni nafasi ya kweli. Lakini sheria inakupa haki ya kushindania kazi, haikupi imani ya mteja. Tenke Fungurume Mining imekuwa ikitoa shaba na kobalti tangu 2009, kwanza chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani, kisha, tangu 2016, chini ya CMOC ya China, huku Gécamines, kampuni ya Serikali ya Kongo, ikishika asilimia 20. Mwenye mgodi awe Mmarekani au Mchina, kabla ya kukupa kandarasi anauliza maswali yaleyale: mafundi wako wana sifa gani, vifaa vyako vya kupimia vilihakikiwa lini, kasoro ya mwaka jana ilishughulikiwaje na nani alithibitisha kwamba imekwisha. Naye anaulizwa na wanaonunua kwake. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1542, inawataka wanaoingiza betri katika soko la Ulaya kuchunguza kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti iliyomo imepatikana kwa njia gani, na sehemu hiyo ya kanuni imepangiwa kuanza kutumika 2027. Maswali hayo hayaishii kwa mwenye mgodi. Yanashuka hadi kwa mwenye lori na mwenye jiko. Isitoshe, Serikali ya Kongo ilisimamisha kobalti isitoke nje ya nchi tarehe 22 Februari 2025, na kuanzia Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgao kwa kila mzalishaji. Mgodi unapobana matumizi, mkandarasi asiyeweza kuonyesha rekodi zake ni rahisi kuachwa.

Kiwango ambacho wateja wengi wanakitaja ni ISO 9001, na toleo ambalo kampuni nyingi zimelifuata ni la 2015. Kifungu chake cha 9.2 kinaitaka kampuni ijikague yenyewe kwa vipindi vilivyopangwa, na kinataka wakaguzi wachaguliwe na ukaguzi uendeshwe kwa namna inayolinda ukweli wa matokeo na kutopendelea. Toleo lililotangulia, la 2008, lilisema waziwazi kwamba mkaguzi asikague kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo mpango wa mtu mmoja unapovunjika. Bwana ubora ndiye aliyeandika taratibu, ndiye anayezisambaza nyaraka, ndiye anayefuatilia malalamiko ya wateja. Nani atamkagua yeye? Kampuni nyingi hulijibu swali hili kwa kumwita mshauri kutoka Lubumbashi au mbali zaidi, anayekuja siku mbili, anaandika ripoti nzuri, analipwa, anaondoka. Kiwango kinaruhusu hivyo, na mwaka wa kwanza mshauri anaweza kufaa sana kama mwalimu. Ila kumbukeni kwamba shirika litakalowapa cheti haliruhusiwi kuwafanyia pia ukaguzi wa ndani. Akija mtu anayeahidi kuwafundisha, kuwakagua na kuwapatia cheti kwa bei moja, mrudisheni alikotoka.

Wengine watasema: kwani hatukaguliwi vya kutosha? Mteja anakuja, shirika la cheti linakuja, mkaguzi wa serikali anakuja. Tupige hesabu. Jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ithibati, IAF, ilitoa jedwali la siku ambazo ukaguzi wa cheti unapaswa kuchukua. Kwa kampuni yenye wafanyakazi kati ya 46 na 65, ukaguzi wa kwanza unaanzia siku 5 za mkaguzi mmoja, kabla ya kuongeza au kupunguza kwa sababu maalumu. Cheti kikishatolewa kinadumu miaka 3, na ziara ya kila mwaka katikati ni kama theluthi moja ya siku zile. Maana yake, kampuni ya watu 60 inaonwa na mkaguzi wa cheti kwa muda usiofika siku 2 kwa mwaka, tena kwa tarehe iliyojulikana mapema, na sehemu ya muda huo huenda kwenye vikao vya kufungua na kufunga. Hata mkaguzi hodari hawezi kuona mengi hapo. Anaona alichoonyeshwa, pamoja na vichache alivyovigundua kwa uzoefu wake.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitoka Japani, nchi ambayo dunia nzima iliiendea kujifunza ubora. Oktoba 2017 Kobe Steel ilikiri kwamba takwimu za ubora za bidhaa zake za alumini na shaba zilikuwa zimeghushiwa. Wateja walioguswa walihesabiwa kwa mamia, wakiwemo watengenezaji wa magari, treni na ndege. Ripoti iliyotolewa Machi 2018 ilionyesha kwamba udanganyifu ulikuwa wa miaka mingi, na miongoni mwa sababu ilitaja uongozi uliotanguliza faida na taratibu dhaifu za udhibiti wa ubora viwandani. Havikuwa viwanda vya vichochoroni, wala havikukosa vyeti ukutani. Waliojua walikuwa ndani, waliozibadili namba na waliokaa karibu nao. Tofauti kati ya mkaguzi wa nje na wa ndani iko hapo: wa nje anakuja kutafuta asichokijua, wa ndani tayari anajua mahali kazi inapolegea, na anachohitaji ni nafasi halali ya kusema anachokijua, mbinu ya kukithibitisha, na ulinzi baada ya kukisema.

Tuiangalie gereji ya malori, kazi iliyojaa kandokando ya barabara ya Likasi hadi Kolwezi. Tairi likibadilishwa, nati za gurudumu hukazwa kwa spana maalumu yenye kipimo, na kwa malori mengi makubwa nguvu inayotakiwa ni karibu niutoni-mita 600. Lori likishatembea kilomita 50 hadi 100, nati hukaguliwa na kukazwa tena, kwa sababu chuma kinajikalia vizuri na mkazo wa kwanza unapungua. Utaratibu wa gereji unaandika haya yote, na fomu ina sehemu mbili za saini. Mkaguzi anayekaa ofisini ataomba fomu, ataona saini mbili, ataweka alama ya vyema. Mkaguzi wa ndani aliyewahi kushika spana anafanya vingine. Anafungua rejista ya tairi, anachagua malori matano kwa hiari yake, bila kuchaguliwa na mkuu wa gereji. Anaangalia fomu ya kila moja: saa ya saini ya kwanza, saa ya saini ya pili. Kisha anaomba kitabu cha safari. Kama lori lilitoka Fungurume alfajiri na kurudi jioni ya siku iliyofuata, inakuwaje nati zikazwe tena saa nne asubuhi ya siku lilipokuwa njiani? Anakwenda kwenye lori lenyewe na kutazama alama za rangi zilizopigwa kwenye nati na ukingo wa gurudumu: bado ziko kwenye mstari mmoja au zimeachana? Mwisho anaomba kuiona spana, anasoma kibandiko cha tarehe ya uhakiki, anauliza imehifadhiwaje na kama ilianguka. Kazi hiyo haizidi saa mbili, wala haihitaji diploma. Inamtaka mtu anayejua kwamba spana ya kipimo ikitumiwa kufungulia nati zilizoshika kutu inaharibika na kusoma uongo.

Kuna uzito wa maisha ya watu katika saa hizo mbili. Februari 2019 lori lililobeba asidi ya salfuriki lilipata ajali katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya kuelekea Kolwezi, na watu wasiopungua 18 wakafa, wakiwemo walioungua kwa asidi. Siitaji ajali hiyo ili kumhukumu yeyote. Naitaja kwa sababu anayesema ubora ni mambo ya karatasi anasahau kinachopita kila siku mbele ya soko la Tenke, na kinabebwa na nani.

Hoja ya pili ya kuwa na wakaguzi kadhaa ni lugha. Katika kampuni zetu taratibu zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho cha sheria na mikataba. Maelekezo ya mashine mpya mara nyingi yanakuja kwa Kichina au Kiingereza. Kazi yenyewe inafanywa kwa Kiswahili, kama ilivyofanywa tangu kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ilipowakusanya wafanyakazi wa makabila na nchi mbalimbali katika kambi moja. Mkaguzi akimwuliza mchomeleaji mzee kwa Kifaransa cha ofisini, atajibiwa sentensi iliyokaririwa. Akikaa karibu naye na kusema, «Papa, hii kazi munafanyaka namna gani?», mzee atamweleza kazi kama inavyofanyika, pamoja na pale anapoiruka hatua ya tatu kwa sababu kifaa chake hakijanunuliwa tangu mwaka jana. Hapo ukaguzi umepata kitu cha kuandika. Mzee hakukosa. Utaratibu unadai kifaa ambacho idara ya manunuzi haikuleta, na pengo hilo lisingeonekana kwenye fomu yoyote. Kwa hiyo katika kundi la wakaguzi wawemo wanaosoma na kuandika Kifaransa vizuri, wawemo wanaoheshimiwa na mafundi, na watembee wawiliwawili, mmoja akiuliza, mwingine akiandika na kutazama.

Sasa pingamizi ninalolisikia zaidi, na ambalo halistahili kupuuzwa: nikiwafundisha wataondoka. Ni kweli, baadhi wataondoka. Migodi mikubwa inalipa zaidi, na cheti cha mafunzo ya ukaguzi kinang'aa katika barua ya kuomba kazi. Lakini pingamizi hili likichunguzwa linageuka kuwa hoja ya upande wangu. Ukiwa na mkaguzi mmoja, akiondoka umepoteza kila kitu. Ukiwa na watano, akaondoka mmoja, wanne wanabaki, na mmoja wao anaweza kumfundisha wa sita. Nchi hii ya shaba imeshalipa bei ya kuacha ujuzi vichwani mwa watu bila kuurithisha. Gécamines ilianza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, na mafundi na wahandisi wengi waliofukuzwa Katanga kwa sababu ya asili yao ya Kasai mwaka 1992 na 1993 wakaondoka na elimu ya miaka mingi. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaiacha kampuni. Miongoni mwao walikuwamo watu waliojua pampu fulani inasikikaje kabla haijafa. Kampuni ndogo ya watu 60 haitapata janga la ukubwa huo, lakini inaweza kulipata lake dogo wiki ambayo bwana ubora anawasilisha barua ya kuacha kazi. Cha kufanya ni kuwafundisha wengi kidogo kuliko mnavyohitaji, na kila ukaguzi uwe na mkaguzi mpya anayejifunza kwa kutazama.

Pingamizi la gharama nalijibu kwa ufupi. Gharama kubwa ya kundi la wakaguzi ni saa za kazi, na saa hizo zinahesabika. Wakaguzi watano, kila mmoja akitoa siku tatu au nne kwa mwaka baada ya mafunzo, hazizidi siku 20 za kazi kwa kampuni nzima. Linganisheni na tairi moja lililotoka njiani, au chakula cha kambi kilichowaharisha watu wa zamu nzima, au kandarasi isiyorefushwa. Kinachogharimu bure ni kozi ya siku tano hotelini inayomalizika kwa picha ya pamoja na cheti, bila mwanafunzi kukanyaga hata gereji moja.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la uhusiano wa watu. Katika kampuni ndogo watu ni ndugu, ni majirani, wanasali pamoja, wamezikana. Kijana atamwandikiaje kasoro mtu anayemwita baba? Na akimwandikia, hataitwa mpelelezi wa bosi? Hofu hii ina msingi, kwa sababu mahali pengi ukaguzi umetumika kama fimbo. Ripoti imesomwa asubuhi, mchana mtu amekatwa siku tatu za mshahara. Pakiwa hivyo hakuna mafunzo yatakayosaidia. Kila mtu atamficha mwenzake na atakuwa na haki ya kufanya hivyo. Kwa hiyo, kwanza, mwenye kampuni atangaze, kwa maandishi na kwa mdomo, tena kwa Kiswahili mbele ya zamu zote, kwamba matokeo ya ukaguzi wa ndani hayatatumika kumwadhibu mfanyakazi kwa kasoro iliyoandikwa. Aliyeghushi makusudi au kuhatarisha maisha ashughulikiwe kwa njia ya nidhamu inayojulikana, pembeni ya ukaguzi. Pili, ripoti isiandike majina. Iandike kazi, mahali, tarehe, ushahidi. Tatu, wakaguzi wasikague idara wanakofanya kazi wala walipo jamaa zao wa karibu. Kwenye kundi la watano hilo linawezekana kwa kupanga, lakini kwa mmoja haliwezekani kabisa. Heshima kwa wakubwa nayo haizuii ukaguzi. Mkubwa akiulizwa kwa adabu jinsi anavyofanya kazi yake, akapewa nafasi ya kuonyesha, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayeitaja kasoro. Anayemkasirisha ni yule anayekuja na karatasi iliyokwisha kujazwa.

Basi mchague nani, na muwafundisheje? Msiwachague walio karibu na bosi, wala msiwape kazi hii waliokosa kazi nyingine. Tafuteni mtu anayeuliza kwa nini, anayeweza kusikiliza bila kumalizia sentensi ya mwenzake, anayetunza siri, na ambaye kazi yake mwenyewe ni safi. Changanyeni: karani wa stoo, fundi makanika, mama wa jikoni anayesimamia zamu, dereva wa miaka mingi, mtu mmoja wa hesabu. Kuna mwongozo wa kimataifa wa ukaguzi, ISO 19011, toleo la 2018, unaotaja misingi saba: uadilifu, kueleza matokeo kwa haki, umakini wa kitaalamu, usiri, uhuru, kutegemea ushahidi, na kutazama penye hatari zaidi. Misingi hiyo ifundishwe siku ya kwanza kwa mifano ya kampuni yenu wenyewe. Siku ya pili someni matakwa ya ISO 9001, lakini msiyasome kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Chukueni kazi moja, tuseme kupokea mafuta ya dizeli, muifuate tangu oda hadi tangi, mkitafuta ni matakwa yapi yanaigusa. Siku ya tatu tokeni darasani. Kisha kila mwanafunzi aende kwenye ukaguzi wa kwanza kama mtazamaji, wa pili akiongozwa, wa tatu akiongoza yeye huku mwenye uzoefu akimtazama. Hadi hapo msimwite mkaguzi.

Sehemu inayohitaji mazoezi mengi kuliko zote ni kuandika. Mwanafunzi wa ukaguzi huandika «gereji ni chafu» au «watu wa jikoni hawafuati utaratibu». Maneno hayo hayana faida, yanaleta ugomvi tu. Kasoro iliyoandikwa vizuri ina vitu vitatu: takwa limesema nini, kimeonekana nini hasa, na tofauti iko wapi. Chukueni karatasi ya joto la friji katika jiko la kambi. Utaratibu unataka joto lisomwe saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, lisizidi nyuzi 5. Karatasi ya mwezi mzima inaonyesha nyuzi 4 kila mara, asubuhi na jioni, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, hata Jumapili ambazo aliyesaini hakuwa zamu. Mkaguzi asiandike kwamba mtu amedanganya. Aandike kwamba vipimo 60 vyote vinafanana. Kwamba vipimo vya Jumapili nne vina saini ya mtu ambaye, kwa rejista ya zamu, hakuwepo. Na kwamba kipimajoto cha friji siku ya ukaguzi kilisoma 9. Hapo anayesoma anaona mwenyewe. Na sababu ikitafutwa kwa utulivu, huenda ikaonekana kwamba umeme hukatika usiku, jenereta huzimwa kubana mafuta, na mama wa jikoni alishawahi kusema bila kusikilizwa. Mwishowe kinachorekebishwa ni ratiba ya jenereta. Kumkaripia mama kungeliacha friji na nyuzi zake 9.

Ratiba ya mwaka isigawe siku sawa kwa kila idara ili tu jedwali lipendeze. Kifungu cha 9.2 kinasema umuhimu wa kazi, mabadiliko yaliyotokea na matokeo ya ukaguzi uliopita vizingatiwe. Gereji ya malori ya asidi ikaguliwe mara mbili au tatu, na idara iliyopata mkuu mpya au mashine mpya iongezewe ziara. Ofisi ya kuchapa barua inaweza kusubiri. Usiku usisahauliwe, maana zamu ya usiku mara nyingi ni kampuni nyingine kabisa: msimamizi mwingine, taa hafifu, stoo imefungwa na ufunguo uko nyumbani kwa mtu. Mkaguzi ambaye hajawahi kufika saa nane za usiku ameikagua nusu ya kazi.

Halafu kuna mwenye kampuni. Yeye ndiye atakayeiua au kuikuza kazi hii, na wafanyakazi watamsoma kwa kitendo cha kwanza. Ripoti ya kwanza ikikaa mezani kwake miezi mitatu, ya pili itaandikwa kwa uvivu na ya tatu haitaandikwa. Kiwango kinadai marekebisho yafanyike bila kuchelewa pasipo sababu, na kinautaka uongozi ukae kuyapitia matokeo. Mimi naongeza hivi: katika wiki mbili baada ya kila ripoti, jambo moja dogo lililotajwa na mfanyakazi wa chini litengenezwe na watu waone. Kibandiko cha spana, taa ya stoo, kipimajoto. Na ukaguzi wa kwanza kabisa wa kundi jipya usipelekwe gereji wala jikoni. Upelekwe ofisini kwa mkurugenzi. Wakaguzi wawili, karani wa stoo na fundi, wabishe hodi, waketi, waombe kuona sera ya ubora aliyoisaini, malengo ya mwaka na namba zake, malalamiko ya wateja na majibu yaliyotumwa, maombi ya vifaa yaliyofika kwake na tarehe alizoyaidhinisha. Wakikuta ombi la spana ya kipimo limekaa miezi minane bila jibu, waandike takwa, ushahidi na tofauti, kama walivyofundishwa, naye atie saini kwamba amepokea. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa gereji, pamoja na tarehe aliyoahidi kulijibu ombi hilo.